Umelipa Pesa Kutizama Kima?

Swali hilo kaniuliza shemegi yangu mbele ya watu, sahani ya biriani mkononi, na ukumbi mzima ukacheka. Nikacheka na mimi. Lakini donge limenikaa, na leo nalitoa.

Idi mosi niliwapeleka watoto Mnazi Mmoja kama kawaida yetu: bembea, aiskrimu, bastola za plastiki zinazovunjika kabla ya magharibi. Pesa zilizoteketea pale hakuna aliyeniuliza. Idi pili nikawapakia kwenye daladala ya Makunduchi, tukateremka kwenye msitu wa Jozani, hapa hapa Unguja. Hapo ndipo nikaonekana nimerukwa na akili.

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa. Pengwini anamjua, na anajua hata kuwa kuna aina ambayo baba ndiye anayeatamia yai. Kima punju, ambaye kwao kwa asili ni Unguja na vijisiwa vyake tu, hamjui! Mtu anatoka Ujerumani, anapanda ndege, anajipaka dawa ya mbu, anasimama chini ya mti mpaka shingo inamuuma. Sisi tunapita pale pale tukienda mazikoni kusini, na tunachokumbuka ni matuta. Basi yale matuta, mabwana, hayakuwekwa kuzikomoa springi zenu. Magari yalikuwa yakiwaua punju barabarani.

Tulipomkuta wa kwanza, mgongo mwekundu, nywele zimemsimama kama aliyeamshwa usingizini, yule mtoto akanishika mkono. "Mjomba, mbona hana kidole gumba?" Nina miaka arubaini na ushei, nimewaona punju mara ngapi sijui, na sikuwahi kuitizama mikono yao. Kweli, gumba halionekani; anashika tawi kwa vidole vinne na kuruka kama hajapungukiwa na kitu.

Halafu kuna mkaa. Punju anakula mkaa, huu huu uliopikia biriani ya shemegi yangu. Anapenda majani ya mkungu (ule mti wa kungu, si wa ndizi) na mwembe, nayo yana vitu vinavyomsumbua tumbo, na mkaa unavinasa. Hakufundishwa skuli, vitoto vinaona mama zao wanakula, na vyenyewe vinakula. Mtoto wetu alisimama akifikiri mpaka nikadhani anaumwa. Bembea gani imewahi kumfanya hivyo?

Haya, nakubali, kwa shingo upande: nauli na kiingilio cha watu watano, hata kwa bei ya mwenyeji, si pesa ya kuokota. Na wakulima wa vijiji vya jirani wana haki ya kununa, kwa sababu punju anakula vidaka, zile nazi changa, vya minazi yao. Watafiti walihesabu vidaka na nazi miaka ya 1990, wakakuta kuwa punju wanapokula vidaka vingi mavuno hayapungui. Huenda mnazi unapunguziwa mzigo tu. Mwambie hivyo mwenye mnazi uone atakavyokutizama. Simlaumu. Anayeona vidaka vimetapakaa chini ya mnazi wake ni yeye, si mtafiti.

Ninyi wa mjini je, mna mnazi gani?

Masika yalikuwa yameshaanza, njia ya msituni imejaa madimbwi, viatu vya Idi vikaharibika vyote (mama yao bado hajanisamehe). Paa nunga, yule paa adimu wa msituni, hatukumwona hata mkia, na sikutegemea. Kule kwenye mikoko maji yalikuwa yametoka. Watoto wakalala kifudifudi juu ya daraja la mbao wakihesabu kaa kwenye tope, wakagombana nani kahesabu mara mbili. Mdogo wao akauliza chui yuko wapi. Nikamjibu alivyokuwa akinijibu bibi yangu: chui wa Unguja wana wenyewe, wachawi wanaowafuga, usiwaulize ovyo. Usiku hakulala, na kosa hilo ni langu.

Shemegi, najua utasoma hapa. Mwanao wa kike kaniuliza juzi kama ni kweli kuna kima anayekula mkaa. Masika yakikatika narudi Jozani, na yeye nimeshamwekea kiti cha dirishani. Nauli yake utatoa wewe.