Undugu tunao, mazungumzo je?

Mtanzania akishakaa Ulaya kidogo, hotuba yake inakuwa tayari: huku hakuna undugu, jirani anaweza kufa ndani mwake na mtu asijue, watoto hawawajui shangazi zao. Hapa Denmark nimeisikia kwenye kila harusi na kila msiba wa watu wetu. Sehemu kubwa ni kweli. Kinachonikera ni kipande cha mwisho, pale tunapojipongeza kwamba sisi kuishi pamoja tumezaliwa nako. Hapo sikubali. Tulichozaliwa nacho ni kukaa karibu karibu. Kuishi pamoja kuna kazi yake, na Wadenmark wachache waliochagua kuishi hivyo wamekaa chini wakaisomea.

Ninaishi kwenye bofællesskab. Kila familia ina nyumba yake kamili, jiko lake na mlango wake, ila katikati kuna nyumba ya wote yenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia chakula na chumba cha kufulia. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Mwaka 1964 msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer alianza kulijadili na marafiki zake. Mwaka 1967 Bodil Graae akaandika kwenye gazeti la Politiken kwamba watoto wawe na wazazi mia moja kila mmoja. Wasomaji waliovutiwa wakaungana, na mwaka 1972 wakazi wa kwanza wakahamia Sættedammen, karibu na Hillerød. Habari ya wazazi mia ilinichekesha. Kwetu mtoto anao hao bila makala ya gazeti, na wote wana ruhusa ya kumchapa.

Lakini watu hawa hawakuwa na ukoo wa kuwashikilia. Hakuna babu wa pamoja, hakuna mjomba wa kuogopwa. Kila jambo ilibidi lisemwe kwa mdomo: nani anapika lini, nani anaondoa theluji, mbwa wa nani anabweka saa ngapi. Basi mikutano! Nimekaa kwenye mkutano uliojadili viatu vya mlangoni. Kwa mtu aliyelelewa na mama wa kumaliza suala la viatu kwa jicho moja tu, ni vichekesho.

Hata hivyo wana mbinu, na mbili kati ya hizo zimenibadilisha.

Moja ni mzunguko. Umetoka kwenye utaratibu wa Kiholanzi uitwao sosiokrasia. Mwalimu Kees Boeke aliutumia shuleni kwake, kisha mhandisi wa umeme Gerard Endenburg akauendeleza katika kampuni ya familia yake. Kila aliyepo anaongea kwa zamu, hakuna wa kumdakia wala kumjibu mpaka zamu zimekwisha. Halafu pendekezo linawekwa mezani, na swali linakuwa: kuna mwenye pingamizi, na sababu yake ni ipi? Hawalazimiki wote kulipenda. Inatosha kuwa hakuna anayeona litaleta madhara. Na uamuzi unapewa tarehe ya kuangaliwa upya, kitu ambacho kwetu ni kigeni kabisa: uamuzi wa familia hudumu hadi aliyeutoa azikwe, na wakati mwingine hata baada ya hapo.

Kwa mgeni mzunguko ni mkombozi. Katika mjadala wa wazi, nikishamaliza kuipanga sentensi yangu ya Kidenmark kichwani, mada imeshahama. Kwenye mzunguko zamu ni yangu, hata nikigugumia watasubiri.

Ya pili wanaiita lugha ya twiga. Ndiyo, nimevuka bahari kutoka nchi ambayo twiga ndiye mnyama wake wa taifa, nikaja kufundishwa kusema kama twiga. Aliyeianzisha ni Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na twiga alimchagua kwa sababu ya moyo wake mkubwa. Unasema ulichokiona, unachohisi, unachohitaji, kisha unaomba. Badala ya "wewe ni mchafu, hujali wenzio", unasema: "Asubuhi nimekuta sufuria zako kwenye sinki. Nimechoka, nahitaji nafasi ya kuwapikia watoto uji. Unaweza kuziosha kabla ya kulala?"

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida. Jaribu kusema ulichokiona tu, bila kumhukumu mtu, utashangaa jinsi ulimi unavyokataa. Hatua ya hisia siishabikii sana. Nimesikia jirani akisema kwa sauti laini kabisa, "nahisi wewe ni mbinafsi", na hilo ni tusi hata ulivalishe suti. Tena mikutano hii inawapendelea wenye maneno mengi na jioni zisizo na kazi. Anayefanya zamu ya usiku hospitalini anarudi na kukuta ameshaamuliwa.

Sasa tugeuke nyumbani. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, mita moja ya umeme. Mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa moja, na mchango ni sawa kwa wote. Nani anasema? Hakuna. Redio inaongezwa sauti kwenye wimbo wenye ujumbe, khanga yenye maneno makali inaanikwa mbele ya mlango wa mhusika, fagio linapiga ukuta alfajiri. Mwishowe mmoja anahama, na sababu anayoitoa ni kazi.

Siyabezi mafumbo. Yanampa mtu nafasi ya kujirekebisha bila kuumbuliwa, na mtu wa kati akienda kuongea taratibu, mengi yanaisha. Hapa nimeona mtu mzima akilia mbele ya majirani wote kwa jambo ambalo shangazi mmoja angelimaliza jikoni. Lakini fumbo ni silaha ya walio sawa. Mke mpya katika nyumba ya wakwe hana khanga ya kumwanikia mama mkwe. Dada wa kazi hana redio. Hawa ndio wanaolipia sifa yetu ya undugu kwa kunyamaza, na kunyamaza kwao tunakuita heshima.

Na asiniambie mtu kwamba mikutano ni mambo ya wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala cha wakati huo, walianzisha kijiji cha Litowa, upande wa Songea, kwa hiari yao. Vijiji vingine vikafuata chini ya Ruvuma Development Association, iliyoanzishwa mwaka 1963. Wanakijiji walipanga kazi na mapato yao katika mikutano yao wenyewe. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja jumuiya hiyo. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji: mwaka 1973 kuhamia kijijini kukawa amri, na watu kwa mamilioni wakahamishwa. Vyote viwili tunaviita vijiji vya ujamaa, lakini Litowa mtu aliweza kukataa jambo mkutanoni. Kwenye operesheni alipandishwa lori. Mtu akiniambia ujamaa ulishindwa, namuuliza anazungumzia upi.

Nilichoanza kukitumia ni mzunguko, tena kwa simu. Tulikuwa tunagawana kazi ya kumtunza mama, kikao cha ndugu ambacho siku zote kaka mkubwa hukifungua na kukifunga mwenyewe. Nikaomba kila mmoja aongee kwa zamu, tuanze na mdogo. Kaka hakupenda, ila alikubali. Kitinda mimba wetu, anayeishi na mama, akasema kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza: hajalala usiku mzima tangu mama augue, na hawezi tena peke yake. Hakuna aliyemkatiza. Tukakubaliana kumlipa msaidizi wa usiku, wa nje tuchangie zaidi, kaka awe anakuja wikiendi, na Desemba tuliangalie upya. Kaka ameshasema Desemba anayeanza ni yeye.