Kima cha chini kimepanda sawa, ila likizo na mafao nani anavilipia?

Tangu aliyekuwa waziri wa kazi wakati ule, Ridhiwani Kikwete, atangaze Oktoba 2025 kwamba kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kinapanda kutoka 275,060 mpaka 358,322 kuanzia Januari 1, 2026, hapa Dar nasikia kelele za aina mbili tu. Wafanyakazi wanauliza mbona kwangu haijafika hiyo laki tatu na hamsini na nane, wenye biashara nao wanasema serikali inatupangia hela ambazo hatuna. Mimi kazi yangu ni kuwaandalia mishahara watu wadogo wadogo, maduka, migahawa, kampuni za usafi, kwahiyo kila mwisho wa mwezi nazisikia zote mbili, na kusema ukweli kila upande una nusu ya hoja.

Tuanze na hiyo namba maana imewachanganya watu wengi. 358,322 ni wastani wa sekta zote ukizichanganya. Kima chenyewe kinapangwa kwa sekta, na tofauti yake ni kubwa balaa. Chukua amri ya mshahara iliyopita, ile ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023, taasisi za fedha zilikuwa 592,000, biashara na viwanda 150,000, na dada wa kazi anayelala kwa bosi wake 60,000. Hiyo elfu sitini yenyewe ilitoka kwenye elfu arobaini iliyowekwa 2013, yaani karibu miaka kumi dada hajaguswa. Sasa muuza duka akisikia redioni laki tatu na hamsini na nane anamfuata bosi na moto, bosi anatoa karatasi ya sekta yake inaonyesha pungufu, na hapo ugomvi unaanza wakati kisheria inawezekana bosi yuko sahihi. Na serikali nayo ilishaweka kipimo kingine kichwani mwa watu pale ilipopandisha kima cha watumishi wa umma kutoka 370,000 mpaka 500,000 kuanzia Julai 2025, kwahiyo jamaa wa binafsi anajilinganisha na jirani yake karani wa halmashauri na anaona kaonewa.

Ila mshahara ndo unaopigiwa kelele tu, mengine yamekaa kimya kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ukiisoma ile sheria bila kutoka nje unaweza kudhani tunaishi Ulaya. Masaa 45 kwa wiki, ovataimu inalipwa mara moja na nusu, ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ni mara mbili, kazi za usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka siku 28 mfululizo, ingawa sikukuu ikiangukia humo ndani inahesabiwa humo humo. Uzazi siku 84, mapacha 100, na marekebisho ya 2025 yakamuongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti. Baba siku 3 (hizi nazo sijui zinatosha kufanya nini, labda kutafuta jina). Ukiumwa una siku 126 ndani ya miaka mitatu, nusu kwa mshahara kamili nusu kwa nusu mshahara. Msiba siku 4.

Sasa mchukue mlinzi wa getini, maana hakuna mahali unapoona sheria na maisha vimeachana kama pale. Anaingia lindo saa 12 jioni anatoka saa 12 asubuhi, siku sita. Hayo ni masaa 72 kwa wiki, yaani 27 juu ya 45, na kwa wiki nne ni masaa 108 ya ziada wakati sheria inasema ovataimu isizidi 50 ndani ya wiki nne. Wapo wanaosema kuna kipengele cha kukubaliana shifti za masaa 12, ni kweli kipo, ila kinataka siku zisizidi tano kwa wiki na masaa ya kawaida yabaki 45 na ovataimu isizidi 10, kwahiyo bado hakimuokoi mwajiri. Sasa piga hesabu, mlinzi wa mshahara wa laki mbili saa yake moja inakuja kama 1,025, ya ovataimu ni 1,538, zidisha kwa 108 unapata kama laki moja na sitini na sita. Yaani kisheria huyu mtu anadai karibu mshahara mwingine kila mwezi, na hapo hujaweka nyongeza ya usiku. Saa ya mapumziko ndo usiseme, ukiondoka getini nani anabaki, na reliva, yaani mwenzako wa kukupokea lindo, asubuhi akichelewa daladala unamsubiri bure.

Ukimuuliza mwenye kampuni atakwambia kitu ambacho wafanyakazi huwa hawataki kusikia ila kina ukweli. Bei ya lindo haipangi yeye peke yake, anapanga mteja. Ofisi inaita kampuni nne zilete bei, inachukua ya chini, na ile ya chini ukiigawa huoni mahali ovataimu ingekaa hata kwa dawa. Kampuni iliyoweka ovataimu kwenye bei yake imeshakosa tenda. Kwahiyo yule mteja anayepita getini asubuhi anasalimia "shikamoo mzee" na kumpa elfu mbili ya chai ndo huyo huyo aliyechagua bei isiyomlipa mzee, na sheria haimgusi popote.

Tuje upande wa mwajiri mdogo sasa maana huku kwenye mitandao wote tunamuona ni mnyonyaji tu. Mtu wa laki tatu, mfano msaidizi wa duka. Anakatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF, elfu thelathini, inabaki 270,000 ambayo ndo mpaka wa kodi ya mshahara, kwahiyo PAYE hakatwi, anaondoka na 270,000. Bosi anaongeza elfu thelathini nyingine ya NSSF, 1,500 ya mfuko wa fidia WCF. Akienda likizo lazima umlipe na umlipe pia anayemshikia nafasi, huo ni mshahara wa mwezi mzima kwa mwaka, ukiugawa ni elfu 25 kila mwezi. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza mpaka miaka kumi, kama elfu 80 na ushee kwa mwaka, weka elfu sita na mia saba kwa mwezi. Jumla inafika kama 363,000. Kwahiyo mfanyakazi anaona 270,000 mkononi, bosi anaona 363,000 imetoka, kila mtu anaona mwenzake anamuibia na wote wana ushahidi. Na wengi hawajui kwamba ukimuachisha kazi mtu uliyemtoa mkoani kuna habari ya nauli ya kumrudisha ulikomchukua.

Hata hivyo hii hesabu isitumike kama kisingizio. Asilimia kubwa ya hiyo 363,000 ni vitu vinavyojulikana mapema, unaviweka kwenye bei ya bidhaa kama unavyoweka kodi ya fremu. Mwenye fremu Kariakoo anadai kodi ya miezi sita au mwaka mbele na hakuna mfanyabiashara anayesema nitalipa nikiuza. Ila likizo ya mfanyakazi ndo tunaambiwa biashara ngumu mwaka huu.

Mahali ambapo mimi nawaelewa waajiri moja kwa moja ni uzazi. Siku 84 zinalipwa na mwajiri, na mama ana haki ya kulipwa hivyo mara nne kwa mwajiri huyo huyo, akirudi ana mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha. Benki yenye watu mia tano haitikisiki. Lakini mama mmoja ana mgahawa Sinza na wasichana watatu, wawili wakabeba mimba mwaka mmoja, aliniambia "mwanangu, mimi mwenyewe ni mzazi siwezi kuwafukuza, lakini wanaofuata nachukua wavulana". Na kweli kachukua wavulana. Kisheria huo ni ubaguzi na haukubaliki, ila nani atathibitisha? Msichana hajui hata kwanini hakuitwa. Kwahiyo haki iliyowekwa kumlinda mwanamke inamfungia mlango nje, na mwenye kuufunga si mtu mbaya, ni mtu mwenye meza sita na majiko mawili.

Hapa ndo msimamo wangu ulipo. Siku 84 zibaki, tena ikiwezekana ziongezwe, ila zisitoke mfukoni kwa mwajiri mmoja. Mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, namba 183 wa mwaka 2000 unataka kwa kawaida malipo ya uzazi yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma ili mwajiri mmoja mmoja asibebe gharama peke yake. Sisi msingi tunao tayari, NSSF ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyechangia muda unaotakiwa, ila kwenye sheria ya ajira jukumu la kulipa likizo bado liko kwa mwajiri. Unganisha hivyo viwili, wote tuchangie, wanaume wa ghala Vingunguti na wanawake wa benki Posta, ili mama wa Sinza asiwe na sababu ya kuhesabu matumbo. Najua jibu litakalokuja, mfuko utachelewesha hela na mama atalea wiki sita bila senti, na hiyo hofu si ya kubeza maana watu wameshazungushwa na mafao mengine. Basi mwajiri alipe kwa wakati halafu arudishiwe kwenye michango ya miezi inayofuata, anapungukiwa yeye kidogo kwa muda lakini mama hasubiri.

Upande mwingine kuna wale ambao haya yote hayawahusu kwa sababu eti hawana mkataba. Dereva wa daladala anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, kinachobaki ndo chake, akichoka anampa deiwaka, kibarua wa siku, azungushe tripu mbili. Likizo gani hapo? Madereva waligoma 2015 pale Ubungo na mikataba ikiwa mojawapo ya madai yao, na mpaka leo ukimuuliza dereva wa Gongo la Mboto anakucheka. Ila watu hawajui kwamba kutokuwa na karatasi hakukutoi kwenye sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu atahesabiwa ni mfanyakazi kama kuna hata moja ya mambo kadhaa, mfano anapangiwa namna ya kufanya kazi au masaa, anatumia vifaa vya bosi, anamtegemea bosi huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa masaa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Masaa 45 kwa mwezi! Deiwaka wa dukani anayekuja siku sita kwa mwezi anaweza kuingia humo. Kwahiyo yule bosi anayejisifu kwamba hana wafanyakazi ana vibarua tu, akipelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, anaweza kujikuta ana wafanyakazi kumi na mbili.

Tatizo ni kwenda. Ukiachishwa una siku 30 kupeleka shauri CMA, madai mengine siku 60, na mtu aliyefukuzwa Ijumaa wiki mbili za kwanza anaomba msamaha, ya tatu anatafuta kibarua kingine, ya nne anaambiwa na shemeji yake kwamba kuna mahali pa kulalamika. Halafu akiwa bado kazini ndo kabisa halalamiki, maana mjini nyuma yake kuna watu ishirini wanaoitaka nafasi hiyo. Hapo naona vyama vya wafanyakazi wametumia nguvu nyingi sana kwenye kudai nyongeza Mei Mosi na kidogo sana kwenye kumfuata mtu wa kibandani.

Na anayeumia zaidi katika haya, mbali na mfanyakazi, ni mwajiri anayefuata sheria. Anatoa mkataba, anapeleka michango, jirani yake anamkata mfanyakazi elfu thelathini ya NSSF na hela haifiki NSSF, anauza bei ya chini, anamchukulia wateja. Mkaguzi akija anaingia kwa nani? Kwa mwenye mafaili. Nimeona ofisi inakaguliwa mara mbili wakati ghorofa hiyo hiyo kuna kiwanda cha kushona watu ishirini hakina hata bango. Ukiwa mwajiri wa namna hii kelele zako nazikubali, ila zielekeze pale, usiseme likizo ya siku 28 ndo imekuua.

Wapo wanaotaka biashara ndogo zisamehewe kabisa hizi sheria mpaka zikue. Inavutia ukiisikia. Lakini tayari tuna mfano mdogo, tozo ya ujuzi SDL inaanza ukifikisha wafanyakazi kumi, na mimi nimeshaulizwa na mwenye kampuni ya watu kumi na nne kama asajili jina la pili ili wagawanyike saba saba, ofisi ile ile, gari lile lile. Hiyo ni kwa tozo moja tu. Weka likizo, uzazi na ovataimu navyo vianzie kumi uone hizo kampuni za saba saba zitakavyojaa mjini, na mlinzi wa getini kwenye kila moja atakuwa ni yule yule.