Mechi za NFL ng'ambo: anayepata uhondo na anayepokonywa

Juni 2007, NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, iliifunga ligi ndogo iliyokuwa ikiiendesha Ulaya. Miezi minne baadaye, tarehe 28 Oktoba, ikapeleka Ulaya mechi yake ya kwanza ya msimu rasmi. New York Giants waliwafunga Miami Dolphins 13 kwa 10 pale Wembley, London, katika mvua na kwenye nyasi zilizokuwa zimegeuka tope. Watu husimulia matukio hayo mawili kana kwamba hayahusiani. Mimi nayaona kuwa uamuzi mmoja: ligi iliacha kuulea mchezo ugenini, ikaanza kuusafirisha. Kila ninaposikia ubishi kuhusu mechi za nje, narudi kwenye mwaka huo.

Safari hizo sasa ni sehemu ya ratiba. Msimu wa 2025 ulikuwa na mechi saba nje ya Marekani: moja São Paulo, moja Dublin, tatu London, moja Berlin na moja Madrid. Kwa 2026 ligi imeongeza miji mipya kama Melbourne na Paris. Kamishna wake, Roger Goodell, hafichi kwamba angependa zifike 16 kwa msimu. Klabu ziko 32, kwa hiyo hesabu hiyo ina maana kila klabu ingetoka nje mara moja kila mwaka. Mechi moja London kwa mwaka ni sherehe. Mechi 16 ni mfumo, na mfumo unapaswa kuulizwa nani anaulipia.

Nianze na wanaozitetea, kwa sababu hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wanavyokubali. Tarehe 13 Novemba 2022, Tampa Bay Buccaneers ya Tom Brady, nyota mkubwa wa mchezo huu, iliishinda Seattle Seahawks 21 kwa 16 mjini Munich, mbele ya karibu watu 70,000 ambao dakika za mwisho walikuwa wakiimba kwa sauti moja. Wengi walidhani ni umati wa watu waliokuja kushangaa kitu kigeni. Hapana. Ligi ya Ulaya ilipofungwa, klabu tano kati ya sita zilizobaki zilikuwa za Ujerumani: Frankfurt Galaxy, Rhein Fire, Berlin Thunder, Hamburg Sea Devils na Cologne Centurions. Kuna Wajerumani waliokulia kwenye majukwaa ya klabu hizo, wakaachwa bila timu, wakaendelea kukesha mbele ya televisheni kwa miaka 15. Kuwaambia watu hao kwamba mchezo huu si wao ni kuwakosea.

Mexico nayo haikuwahi kuwa ugenini kamili. Tarehe 2 Oktoba 2005, Arizona Cardinals na San Francisco 49ers walicheza kwenye uwanja wa Azteca, Jiji la Mexico, katika mechi ya kwanza ya msimu rasmi kufanyika nje ya Marekani, na watu 103,467 wakaingia uwanjani. Umati wa namna hiyo hautengenezwi na tangazo la wiki mbili.

Halafu kuna suala la saa, ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalielewa vizuri. Mwezi Oktoba, mechi za kwanza za Jumapili huanza saa mbili usiku kwa saa zetu, na ile kubwa ya usiku wa Marekani huanza saa tisa na dakika ishirini za usiku, wakati mwenye kazi Jumatatu yuko kitandani. Mechi ya London huanza saa kumi na nusu jioni. Kwa mtu wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala anayependa mchezo huu, hizo ndizo Jumapili chache anazoweza kutazama tangu mwanzo hadi mwisho bila kuiba usingizi.

Saa hizo hizo ndizo zinazoileta ligi pesa. Mchana wa London ni saa tatu na nusu asubuhi New York, kwa hiyo Jumapili ya televisheni inapata mechi moja zaidi kabla ya zile za kawaida. Dirisha hilo linauzwa kwa vituo vya matangazo na kwa wadhamini. Hakuna ubaya wowote katika biashara hiyo. Ila tusisahau kwamba ligi haisafiri kwa mapenzi ya mashabiki wa mbali pekee.

Sasa twende Jacksonville, Florida, kwa sababu gharama ya mambo haya inaonekana huko kuliko kwingine kokote. Ni mji wa soko dogo. Klabu yake, Jaguars, ilianza kucheza 1995, na tangu 2013, ukiacha 2020 mwaka wa korona, imekuwa ikipeleka London mechi yake ya nyumbani. Mmiliki wake, Shahid Khan, alinunua pia Fulham ya London mwaka huohuo wa 2013, na 2018 alijaribu kuinunua Wembley yenyewe kabla ya kuondoa ombi lake. Viongozi wa klabu wamekuwa wakieleza kwamba mapato ya London ndiyo yanayoiwezesha timu ya mji mdogo kubaki katika mji mdogo. Hoja hiyo nimeitafakari kwa muda mrefu na siidharau. Klabu za NFL zimewahi kuhama: Oakland ilipoteza timu yake, San Diego ikapoteza yake, St. Louis ikapoteza yake. Shabiki wa Jacksonville akiambiwa achague kati ya kukosa mechi moja na kukosa timu kabisa, atachagua la kwanza.

Lakini chaguo lenyewe ni la kulazimishwa, na hapo ndipo ninapotofautiana na watetezi. Klabu iliyokuwa na mechi nane za nyumbani ikipeleka moja London, imeondoa sehemu moja ya nane ya siku za kazi za anayeuza chakula uwanjani, mlinzi wa lango na mwenye eneo la kuegesha magari. Watu hao hulipwa kwa mechi. Hawana mshahara wa mwezi wa kuwafidia. Isitoshe, 2024 Halmashauri ya Jiji ilipitisha mpango wa kuukarabati uwanja wa Jaguars, ambapo jiji linachangia dola milioni 775. Mlipa kodi anayegharimia zaidi ya nusu ya mradi wa dola bilioni 1.4 ana haki ya kuuliza kwa nini jengo hilo lifungwe siku ambayo timu yake imeandikwa kuwa mwenyeji.

Wakenya hawahitaji kuelezwa maana ya kukosa nyumba. Mwaka 2024 Harambee Stars walicheza mechi zao kadhaa za nyumbani Lilongwe na Kampala, kwa sababu nchini hapakuwa na uwanja uliokidhi masharti. Tofauti ni kwamba wao walikosa uwanja, na Jacksonville inao.

Haki inanitaka niseme pia kwamba ligi imelipunguza tatizo hili. Tangu 2021 msimu una mechi 17, kwa hiyo kila mwaka nusu ya klabu huwa na mechi tisa za nyumbani na nusu nyingine nane. Mechi nyingi za nje sasa huchukuliwa kutoka kwa zile zenye tisa. Shabiki wa klabu hizo anabaki na nane kama zamani. Huu ni utaratibu mzuri, na wapinzani wanaozungumza kana kwamba tuko bado 2007 wanakosea.

Kinachopotea hata hivyo si idadi tu. Kati ya 2008 na 2013, Buffalo Bills walicheza mechi moja ya msimu kila mwaka Toronto, safari fupi tu kwa gari kuvuka mpaka wa Kanada. Nyumbani kwao Desemba ni theluji, upepo wa ziwani na kelele ambazo wageni huziogopa. Toronto walichezea chini ya paa, mbele ya umati uliopoa, na katika mechi sita wakashinda moja. Mpango ulisitishwa 2014. Kwa hiyo ukaribu hautoshi, na pesa za mwenye uwanja hazitoshi. Munich ilikuwa na kizazi kizima kilicholelewa na mchezo. Toronto ilikuwa na watu wengi ambao mapenzi yao yalikuwa kwingine.

Wachezaji nao wana lao la kusema, na naona ndio wanaosikilizwa kidogo kuliko wote. Huu ni mchezo wa kugongana, na mwili unahitaji wiki nzima kurejea. Ongeza usiku mmoja ndani ya ndege na tofauti ya saa tano, nane au zaidi. Oktoba 2025 Los Angeles Rams, baada ya kucheza Baltimore, waliamua kubaki hukohuko wiki nzima badala ya kurudi California, kisha wakavuka kwenda London na kuwafunga Jaguars 35 kwa 7. Mtu anaweza kusema matokeo hayo yanathibitisha kwamba safari si tatizo. Mimi naona yanaonyesha kwamba klabu ilibidi ibuni namna ya kuzikwepa athari zake. Kuna pia viwanja. Mwaka 2018 nyasi za Azteca ziliharibika kiasi kwamba mechi ya Rams na Kansas City Chiefs ikahamishiwa Los Angeles siku chache kabla ya kuchezwa. Septemba 2024, São Paulo, wachezaji wa Philadelphia Eagles na Green Bay Packers waliteleza usiku kucha. Tottenham walijenga uwanja wenye nyasi bandia maalumu chini ya zile za kawaida, na huo ndio mfano wa maandalizi yanayostahili. Ligi ingeweza kuufanya sharti kwa kila mji mwenyeji.

Kuna linganisho moja ambalo wasomaji wengi watakuwa nalo akilini: soka la Ulaya. La Liga ilitaka kuipeleka Miami mechi ya Villarreal na Barcelona Desemba 2025. Wachezaji wa Hispania wakasimama bila kucheza kwa sekunde 15 mwanzoni mwa mechi zao, mashabiki wakapinga, na Oktoba mpango ukafutwa. Miezi miwili baadaye Serie A nayo ikaachana na wazo la kuwapeleka Milan na Como Perth, Australia. Kwa nini NFL hufanya kwa utulivu jambo linaloichafua hali ya hewa Ulaya?

Sehemu ya jibu iko kwenye ratiba. Katika La Liga kila timu hukutana na kila timu nyumbani na ugenini, mechi 19 kwa 19, na ukihamisha moja umevunja usawa wa jedwali zima. Katika NFL klabu haikutani hata na nusu ya wenzake kwa msimu mmoja, na idadi ya mechi za nyumbani tayari hailingani. Hoja ya usawa, ambayo Hispania ilikuwa na nguvu kweli, hapa inafifia. Sehemu ya pili ni nani ana sauti. Hispania kuna vyama vya mashabiki vilivyojipanga, na Barcelona ni mali ya wanachama wake. Klabu za NFL, ukiondoa Green Bay Packers yenye hisa zilizosambaa kwa umma, zina mmiliki mwenye neno la mwisho. Utulivu wa Marekani kwa hiyo si ushahidi kwamba mashabiki wameridhika.

Nikizipima pande zote, naunga mkono kiwango cha mechi saba au nane, mradi kila klabu mwenyeji ibaki na mechi nane nyumbani kwake. Kumi na sita nazipinga. Zingehitaji wiki ya pili ya mapumziko kwa kila timu na makubaliano mapya na chama cha wachezaji, na bado zingeacha swali la 2007 bila jibu: mji mwenyeji unabaki na nini ndege zikiondoka?

Kwetu swali hilo si la mbali. Kinshasa ilimzaa Tshimanga Biakabutuka, aliyechaguliwa wa nane na Carolina Panthers katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi 1996. Daniel Adongo alitoka kwenye raga akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, akiwa na Indianapolis Colts 2013. Ligi ilifungua kambi yake ya kwanza ya Afrika Accra, Juni 2022, chini ya Osi Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye asili ya Nigeria aliyekuwa katika kikosi cha Giants cha msimu ule wa Wembley, na 2023 ikaja Nairobi. Ni hatua njema, lakini lengo kuu la kambi hizo ni kuteua wachache wa kuondoka nao. Wakati huohuo, tangu 2025 chapa ya utalii ya Rwanda inawadhamini Rams, klabu iliyopangiwa Melbourne 2026. Fedha za Afrika zimeshaanza kuingia katika ligi hii.

Kwa hiyo nisingeanza kwa kuomba mechi ije Nairobi au Kigali. Ningeomba futiboli ya bendera, ile isiyo na kugongana, wachezaji watano kila upande, ambapo anayekimbia na mpira husimamishwa kwa kunyang'anywa kitambaa kiunoni. Itachezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, na wamiliki wa NFL wamekwisha kuwaruhusu wachezaji wao kushiriki. Shule ya kata inaweza kuianza ikiwa na mpira mmoja, mikanda na kiwanja cha vumbi. Ligi ikitenga sehemu ya mapato ya kila mechi ya ng'ambo kwa mashindano ya vijana wa aina hiyo, kwa mkataba wa miaka mingi unaoweza kusomwa na yeyote, nitakuwa tayari kuijadili upya hata ile hesabu ya 16.