Ile "hear" ya mwisho wa barua

Barua nyingi za kuomba kazi ninazoletewa nizipitie hapa Mombasa huishia na sentensi moja: "I look forward to hear from you." Nimeiona kwa vijana wanaotafuta nafasi katika hoteli za Nyali na Bamburi, na kwa wanaoomba ukarani katika kampuni za kutoa mizigo bandarini Kilindini. Ina kosa, na linaniuma kwa sababu wengi hawakulitunga wao. Wamelikuta saiba. Kuna barua iliyohifadhiwa kwenye kompyuta miaka nenda miaka rudi. Hubadilishwa jina na namba ya simu, ikaprintiwa, mteja akalipa.

Inatakiwa "hearing". Shuleni tuliambiwa tutie "-ing" basi, sababu hatukupewa, ilhali sababu yenyewe ni nyepesi. "To" ya Kiingereza ina kazi mbili. Katika "I hope to hear from you" inakwenda na kitenzi. Katika "look forward to" imeshikana na maneno yaliyotangulia, na kinachofuata lazima kisimame kama nomino. Ukitaka kuhakikisha, ondoa kitenzi uweke nomino. "I look forward to your reply" inakubali. "I hope to your reply" inakataa. Palipokubali nomino, kitenzi huja na "-ing". Ndiyo maana huandikwa "I am used to working at night", na huna haja ya kukariri orodha yoyote.

Sisi hukwama hapa kwa sababu ya lugha yetu wenyewe. Twasema "nataka kuogelea", na twasema "kuogelea kwafaa mwili", na neno ni lile lile. Kiingereza kimeligawa mara mbili. Kwa hivyo meneja anayetupa barua ya mpishi kwa ajili ya "hear" anampima mtu kwa kitu kisichohusiana na jiko. Lakini mameneja kama hao wapo, na anayeumia ni mtoto wa watu aliyekopa nauli ya matatu kupeleka hiyo barua.

Ndugu zangu wenye saiba, fungueni hiyo barua mliyoihifadhi mwisahihishe leo. Mkiwa hapo, tazameni na mstari wa chini yake. Kwa utaratibu wa Kiingereza cha Uingereza, tuliofundishwa sisi, barua iliyoanza na "Dear Sir or Madam" huishia "Yours faithfully", na iliyomtaja mtu kwa jina lake huishia "Yours sincerely". "Yours faithful" haipo.

Tena, kwani lazima iwe Kiingereza kila mara? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangazo la kazi likitoka kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza, sawa. Lakini dereva au mpishi ambaye kazi yake yote itakuwa kwa Kiswahili ana haki ya kuandika "Natarajia jibu lako, wako mwaminifu" akatia sahihi. Afisi ya umma inayohudumia watu wa Kisauni na Changamwe ikiipokea barua hiyo ikaishangaa, basi kasoro ni ya afisi.