Saa 14 zilikwenda wapi?

Juzi barazani petu Ngamiani alipita kijana wa uwakala wa forodha, saa 3 usiku, kitambulisho cha bandarini bado kinaning'inia shingoni. Alipopewa kikombe cha kahawa akatutangazia kwamba Tanga ilikuwa imelala usingizi wa pono, sasa kazi imekuja, na anayefunga ofisi saa 11 jioni ni mvivu anayejificha nyuma ya sheria. Wazee walicheka. Mimi nilinyamaza, maana nusu ya maneno yake ni kweli.

Anayekumbuka meli zikitia nanga nje na mzigo ukiletwa kwa matishari anajua kilichobadilika. Maboresho ya bandari yaliyogharimu Sh429.1 bilioni yameongeza kina cha maji gatini kutoka mita 3 hadi 13, na meli zinafunga gatini zenyewe. Ofisi zilizokuwa zikisubiri mzigo kama mvuvi anavyosubiri maji yajae sasa zina foleni. Kumwambia kijana aliyekaa miaka bila ajira kwamba apunguze mwendo ni karibu na kumtukana. Na mama anayekaanga mihogo tangu alfajiri hadi usiku hana uraibu wowote wa kazi. Ana ada za shule.

Kwa hiyo kuhesabu saa tu hakutoshi. Wilmar Schaufeli, mtafiti wa Uholanzi, amewatenganisha anayeipenda kazi na anayesukumwa nayo. Wa kwanza akishafika nyumbani yuko nyumbani. Wa pili hata msibani anachungulia simu chini ya mkeka. Wayne Oates, mchungaji na mwanasaikolojia wa Marekani aliyelifinyanga neno la Kiingereza la uraibu huu kutokana na neno la mlevi wa pombe, alijistukia mwanawe mdogo alipomwomba miadi ya kumwona ofisini. Kijana wetu wa barazani ni yupi kati ya hao wawili, sijui. Pengine naye hajajiuliza.

Ila katika mabishano haya anayeonewa ni yule anayezima kompyuta saa 11. Hana kaulimbiu ya kumtetea. Na akiwa mtu wa Tanga, mji ambao wageni huusifia utaratibu wake huku wakimaanisha uzembe, ndiyo basi tena. Inasahaulika kuwa mkoa huu ulijengwa na mkonge, na kwenye mashamba ya mkonge kazi ilipimwa kwa kipande: kadi ya siku 30, kila siku na kiasi chake cha majani ya kukata. Aliyekamilisha mapema aliweka panga chini akaondoka. Simsifu mkoloni, na manamba walioletwa kutoka mbali waliteseka vya kutosha. Lakini hata msimamizi yule mkali alitaka kuona majani. Sisi leo tunahesabu taa zinazowaka dirishani.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara na hesabu moja. Mwaka 2014 mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alizifukua kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza vya wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ambako wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Hadi kufikia saa 49 hivi kwa wiki, kila saa iliyoongezwa ilizaa kazi kwa kadiri yake. Baada ya hapo kazi ikawa inaongezeka kwa kusuasua, mpaka aliyefanya saa 70 akawa anatoa karibu sawasawa na wa saa 56.

Saa 14 hizo zilikwenda wapi? Kwa siku ya kazi ya saa 9, ni zaidi ya siku moja na nusu. Mwanamke yule aliamka gizani, akasimama mbele ya mashine, akarudi nyumbani miguu imevimba, na Jumamosi rundo lake la makombora halikumzidi mwenzake aliyelala. Wala hakuwa akitega. Alikuwa kazini kweli, na bila shaka alijiona anajitoa kuliko yule mwingine. Nchi yake ilikuwa vitani, mtu akimwambia apumzike angemwona msaliti.

Nikisema haya huwa najibiwa kwamba wale walikuwa wa mashine, sisi ni wa kalamu. Nadhani kwa kalamu ni vibaya zaidi. Niliwahi kufanya kazi ofisi moja ya uwakala hapa mjini, na usiku mmoja, imeshagonga saa 4, niligeuza tarakimu mbili za namba ya kontena kwenye kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha. Kusahihisha kulichukua siku mbili, mteja akalipia kontena kukaa bandarini. Kikao cha Jumatatu nilisifiwa kwa kuchelewa kutoka. Kosa lilihesabiwa ni la mfumo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina mipaka: saa 45 kwa wiki, na za ziada zisizozidi 50 katika wiki 4, kwa malipo ya mara moja na nusu. Jumlisha uone: mwajiri akiutumia ukomo wote, mtu anafika saa 57 na nusu kwa wiki bila sheria kuvunjwa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kuwa anayefanya saa 55 au zaidi ana hatari ya kiharusi kubwa kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Halafu mipaka yenyewe haimgusi meneja anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. Anaachwa huru kujimaliza, na ndiye ambaye ofisi nzima inamtazama kabla ya kuinuka kitini.

Bosi wangu wa ofisi ile alikuwa wa namna hiyo. Mtu mwema, tena mkarimu. Nikifiwa alikuwa wa kwanza kufika. Likizo ya siku 28 aliiona kama ugonjwa wa watu wengine. Saa 5 usiku ujumbe unaingia, na usipojibu, asubuhi anakuuliza kama ulikuwa mzima. Mwaka mmoja alilazwa wiki tatu, presha. Tulikuwa tukitoka saa 11 jioni, kwa woga siku za kwanza, na mizigo ikatoka. Zilizokwama ni kadhia nne tu, ambazo neno la siri alikuwa nalo yeye peke yake kichwani. Mkewe alikuja kutuomba tusimpigie wodini. Tukampigia, akatutajia.

Aliporudi kazini alitushukuru wote, akaagiza chai na sambusa. Kabla ya chai kufika alishalibadilisha lile neno la siri.