Suriname: nchi ya watoro, na mgeni anayetoka Afrika Mashariki

Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kwenda Suriname, nchi iliyo kwenye pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini, huanza kwa kupanda kaskazini. Ndege inampeleka Amsterdam, saa nane na zaidi hewani, halafu nyingine inamrudisha kusini-magharibi juu ya Atlantiki kwa kama saa tisa, hadi Zanderij, uwanja ulio kilomita 45 hivi kutoka mji mkuu, Paramaribo. Akishuka anajikuta tena karibu na Ikweta, kwenye joto alilolizoea, kwenye miembe na minazi, na magari yakishika kushoto kama kwao. Mzunguko wote huo unatokana na njia za ndege kufuata bado njia za ukoloni. Suriname ilikuwa ya Waholanzi hadi tarehe 25 Novemba 1975.

Ndiyo maana wapo wanaosema safari hii haina hesabu. Ethiopian Airlines inaruka kutoka Addis Ababa moja kwa moja hadi São Paulo, na Brazil ina kila kitu: Amazoni, mji wa Salvador wenye Uafrika uliojaa mpaka kwenye vyungu, maporomoko ya Iguazu, ndege za ndani za kila siku. Suriname haina Iguazu wala Machu Picchu. Ina mito, ina msitu unaofunika zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake, na ina watu wanaozidi laki sita kidogo, yaani kama theluthi tu ya waliohesabiwa Zanzibar mwaka 2022, katika nchi yenye ukubwa wa karibu sehemu moja ya sita ya Tanzania. Wengi wao wamejibana pwani. Mwenye siku tano na akiba ya miaka miwili ya mshahara wa kawaida, ningemshauri aende Brazil, na singeona haya kumwambia hivyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo Brazil haiwezi kumpa kwa namna hii, nalo liko juu ya Mto Suriname, kusini, mahali barabara inapokoma.

Kwanza Paramaribo, maana kila mtu anapita hapo. Ni mji wa mbao, na sehemu yake ya kale iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2002. Katika barabara ya Keizerstraat msikiti na sinagogi vimekaa ubavu kwa ubavu, na wenyeji hupenda kumwonyesha mgeni. Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi za mashamba walianza kufika mwaka 1873, miongo miwili kabla ya wenzao waliokuja kujenga reli ya Mombasa. Wajava wakafuata mwaka 1890. Kwa hiyo utakula roti mchana na bami, tambi za Kijava, jioni, na siku ya sherehe utapewa pom, chakula cha kuku na kiazi kinachofanana na magimbi, kilichookwa. Siku mbili zinatosha. Nenda pia Fort Zeelandia, ngome iliyo kando ya mto, ambapo tarehe 8 Desemba 1982 wapinzani 15 wa utawala wa kijeshi wa Desi Bouterse waliuawa. Bouterse alihukumiwa mwaka 2019, hukumu ikathibitishwa Desemba 2023, akafa mwaka mmoja baadaye akiwa mafichoni. Anayeuliza kama nchi ni tulivu, jibu ni ndiyo. Ila utulivu huo una historia, na ni heshima kuijua kabla ya kukanyaga pale.

Sasa huko juu.

Kiswahili kina neno linalowafaa watu wa huko: watoro, yaani watumwa waliotoroka. Pwani yetu ilikuwa na watoro wake katika karne ya 19, waliojijengea makazi Witu na Fuladoyo baada ya kukimbia mashamba ya Malindi na Lamu. Fuladoyo ilivunjwa, na leo ni wachache wanaolikumbuka hata jina. Suriname watoro walishinda. Walikimbia mashamba ya miwa, wakaingia msituni juu ya maporomoko ambayo askari wa Kiholanzi hawakuweza kuyapanda kwa urahisi, wakapigana kwa vizazi, mpaka mkoloni akaomba amani. Wandyuka, kundi moja la watoro hao, walitia sahihi mkataba tarehe 10 Oktoba 1760. Wasaamaka, kundi la Mto Suriname, wakatia wao mwaka 1762. Utumwa wenyewe katika koloni hiyo haukufutwa hadi tarehe 1 Julai 1863, miaka mia moja baadaye. Mikataba hiyo ilikuwa na sharti chungu, kwamba watoro wapya warudishwe kwa mabwana zao, na sharti hilo lisifichwe. Hata hivyo, kizazi kwa kizazi, watu hawa wameishi chini ya chifu wao mkuu, gaama, na wakuu wa vijiji wanaoitwa kabiteni, wakihesabu ukoo kwa upande wa mama.

Kufika kwa Wasaamaka si kugumu kama wengi wanavyodhani. Kutoka Paramaribo gari linakwenda kama saa tatu kwenye lami hadi Atjoni. Hapo lami inakwisha na mtumbwi unaanza: mrefu, mwembamba, mashine nyuma, na mbele kasimama mtu wa pondo anayesoma mawe chini ya maji. Vijiji vimepangana kando ya mto, na katika Pikin Slee wenyeji wana makumbusho yao wenyewe ya utamaduni wa Saamaka.

Ugumu uko katika kuamua uende kwa namna gani, na hapa ndipo watu wenye nia njema wanapotofautiana.

Upande mmoja unasema: usiende kabisa, au uende ukiwa na shaka. Sisi wa Afrika Mashariki hoja hii tunaielewa bila kufafanuliwa. Tumeona basi dogo likisimama kwenye boma la Wamasai kando ya njia ya Ngorongoro au Maasai Mara, wageni wakashuka, ngoma ikachezwa, shanga zikanunuliwa, na baada ya dakika arobaini basi limeondoka. Fedha nyingi zilikwisha kulipwa mjini kabla basi halijawashwa. Mto Suriname nao una hatari hiyo. Safari nyingi huuzwa Paramaribo zikiwa kifurushi cha siku tatu au nne, usafiri, chakula na malazi vyote ndani, na kijijini huenda pakafika ujira wa mtu wa pondo na mpishi tu. Kijiji kina mahali pa mizimu pasipopigwa picha, na kwenye njia za kuingilia kuna lango la makuti ya mnazi-mwitu linalozuia mabaya kupita. Mgeni asiyeambiwa atalisogeza apate picha nzuri.

Upande wa pili unasema: bila mgeni, kijana wa Saamaka ana njia tatu, na zote zinamtoa kwao au zinaharibu kwao. Anaweza kwenda machimbo madogo ya dhahabu, ambako zebaki inamwagwa mtoni. Anaweza kukata magogo. Au anahamia Paramaribo au Guyana ya Ufaransa. Nyumba ya wageni yenye vyumba sita, ikiwa ni ya mtu wa kijiji, inampa kazi mpishi, mwenye mtumbwi, muuza samaki, mwanamke anayechoma mkate wa muhogo, na inawapa wazee sababu ya kusimulia habari za wakati wa vita mbele ya wajukuu wanaosikiliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Mzozo wote uko kwenye hiyo sehemu ya pili: mwenyeji anapona kweli?

Mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi, ingawa kwa sababu ambayo haisemwi mara nyingi, na sababu yenyewe ni ardhi.

Katika miaka ya 1960 bwawa la Afobaka lilijengwa kuzalisha umeme wa kuyeyushia alumini kwa kampuni ya Alcoa. Ziwa likameza vijiji na Wasaamaka kama 6,000 wakahamishwa. Kinu cha kuyeyushia kilifungwa mwaka 1999. Ziwa liko palepale. Kisha katika miaka ya 1990 serikali ikatoa vibali vya kukata magogo kwenye ardhi yao bila kuwauliza. Wakaungana, wakachora ramani za ardhi yao, wakashtaki. Tarehe 28 Novemba 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika iliamua kwamba taifa la Suriname lazima liwapimie na kuwamilikisha ardhi hiyo kwa pamoja, na kwamba miradi mikubwa ihitaji ridhaa yao. Viongozi wawili wa kesi hiyo, Wanze Eduards na Hugo Jabini, walipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2009. Miaka mingi ikapita na sheria ya kumilikisha bado inasubiriwa.

Maana yake ni kwamba unapolala kando ya mto ule unalala kwenye ardhi ya watu ambao mahakama imesema ni yao na hati hawana. Katika hali hiyo nani anamiliki nyumba ya wageni ni jambo kubwa kuliko starehe ya kitanda. Nyumba ya mtu wa kijiji, iliyojengwa kwa ruhusa ya kabiteni, ni matumizi ya ardhi yanayoonekana, yanayohesabika kwa fedha, na yanayojulikana na watu wa nje. Nyumba ya kampuni ya mjini inaweza kuwa nzuri sana na isiongeze chochote kwenye dai hilo. Ningetumia jioni nzima ya maandalizi kwenye swali hili moja: mwenye nyumba ni nani, na mtumbwi ni wa nani? Waulize waziwazi kabla ya kulipa. Anayemiliki atakujibu kwa fahari.

Wanaopinga wana jibu, na ni jibu zuri. Lami inayomfikisha mgeni Atjoni kwa saa tatu ndiyo inayoteremsha malori ya magogo. Huwezi kufurahia moja ukajifanya huioni nyingine. Nakubali. Lakini lori la magogo halitaacha kuja kwa sababu mimi nimekaa nyumbani, na mto wenye macho ya watu wengi ni mgumu zaidi kuporwa kimyakimya.

Kwa msafiri Mwafrika kuna jaribu jingine, zito kwa sababu linatoka moyoni. Utaona mwanamke amejifunga pangi kiunoni kama leso, watoto wakitwanga kwenye kinu, na asubuhi mtu atakusalimu kwa kuuliza kama umeamka. Utataka kusema: hawa ni ndugu zangu waliopotea. Jizuie kidogo. Mababu zao walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na ya Kati, kwa Waakan, kwa wasemaji wa lugha za Gbe, kwa Wakongo na watu wa Loango. Msomaji anayejua Kikongo ana haki ya kutega sikio kuliko mimi. Lugha yao imechanganya maneno ya huko na Kiingereza na Kireno, Kireno hicho kikitoka kwenye mashamba ya Wayahudi waliokuwa Jodensavanne, ambako magofu yake yaliingia urithi wa dunia mwaka 2023. Hawa hawakupotea. Wanajua vizuri walikopita, wana jina la enzi ile ya mapambano, na hawakukaa wakingoja kutambuliwa nasi. Undugu, kama upo, watautaja wao kwa wakati wao, pengine siku ya nne, ukiwa umeshakula kwao na kunyamaza vya kutosha.

Ndiyo sababu nasema usiku tano mtoni, katika kijiji kimoja au viwili, badala ya kuruka huku na huku kutafuta kasa wa Galibi na mlima wa Voltzberg ndani ya wiki ileile. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kwenda na kurudi, maana huweza kudaiwa kote kuwili. Malaria ina habari njema: Juni 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Suriname kuwa nchi isiyo na malaria, ya kwanza katika eneo la Amazoni. Masharti ya kuingia na ya kupitia Ulaya hubadilika, kwa hiyo yathibitishe ubalozini kabla ya kununua tiketi isiyorudishwa. Lugha rasmi ni Kiholanzi, na Kiingereza kitakufikisha mbali mjini. Mtoni, anza kwa salamu ya Kisranan, lugha inayowaunganisha Wasuriname wengi, *fa yu de*, na uwaache wakurekebishe kwa Kisaamaka.

Linabaki suala la mwezi. Tarehe 1 Julai ni Keti Koti, siku ya kukatika minyororo, na Paramaribo hufurika nguo na nyimbo. Mto umejaa wakati huo, mitumbwi inapita juu ya mawe bila shida. Lakini ni mvua kubwa, na Wasuriname wanaoishi Uholanzi wanarudi likizo, kwa hiyo viti vya ndege ni adimu na nauli inapanda. Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Watoro, katikati ya kiangazi kirefu, anga safi na maji yamepungua. Wale walioachwa huru mwaka 1863 walilazimishwa kufanya kazi za mikataba miaka kumi zaidi chini ya usimamizi wa serikali, na mabwana zao ndio waliolipwa fidia. Watoro wa Oktoba walijipatia uhuru wenyewe. Mimi ningekwenda Oktoba, na pale mawe yanapochomoza ningeshuka majini pamoja na mtu wa pondo kuusukuma mtumbwi.