Bega la binti na ndoto ya ufadhili

Dada yangu aliye Tanga huniuliza swali moja kila tunapozungumza: "Hela yote hiyo, kwa ajili ya mpira tu?" Mpira wenyewe ni softiboli ya binti yangu, mchezo ulio ndugu wa besiboli: mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo. Hela yenyewe ni ada ya klabu, gongo, glavu, mwalimu wa kurusha anayelipwa kwa saa, na hoteli karibu kila wikendi ya kiangazi. Hapa Ohio, Marekani, binti anaweza kucheza softiboli ya shule, ambayo ni ya miezi michache na nafuu, au akaingia timu za kusafiri, zile za klabu zinazozunguka kwenye mashindano. Majaribio ya timu hizo hufanyika Agosti, na akishachukuliwa hapumziki hadi Agosti nyingine. Wangu ana miaka 14, ni mrushaji, na huu ni mwaka wetu wa tatu wa kusafiri. Swali la dada silipuuzi.

Wanaotetea timu hizi huanza na ufadhili wa chuo. Hoja hiyo, kwangu, ndiyo dhaifu kuliko zote. Hadi msimu wa 2024–25, timu ya chuo ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 12 tu, na mara nyingi huo ulikatwakatwa ili wachezaji wengi zaidi wapate kipande. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Anayelipa klabu miaka sita akitarajia kurudishiwa na chuo, afadhali hela hiyo angeiweka benki. Hata ile haraka ya kwamba "makocha wanamtazama" haina msingi katika umri huu: tangu 2018 kocha wa daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na msichana kuhusu kumsajili kabla ya Septemba mosi ya darasa lake la 11, yaani akiwa na miaka kama 16. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu watoto wa darasa la nane walikuwa wameanza kuahidiana na vyuo.

Hoja yenye nguvu ni nyingine, na mama wa Kiswahili anaijua bila kuelezwa. Utotoni nilicheza rede mpaka giza linaingia, nikikwepa mpira huku najaza chupa mchanga. Nilipovunja ungo, rede ikaisha. Hakuna aliyenikataza kwa maneno makali; niliambiwa tu kwamba nimekuwa mkubwa. Binti yangu amefika umri uleule, na anasimama katikati ya kiwanja, futi 43 kutoka kwa mpigaji, macho ya watu wote yakiwa juu yake. Ametoka kukosea mirusho hadi wapigaji watatu wakaruhusiwa kusogea bila kupiga, na lazima arushe tena. Mwili wake ni wa kazi, si wa kufichwa. Jambo hilo sikupewa mimi, na kwa ajili yake ningelipa hata pasingekuwa na chuo.

Lakini mwili huohuo ndio unaolipa gharama. Katika softiboli mpira hurushwa kwa chini, mkono ukizunguka duara zima, na viwanjani utasikia imani kwamba mzunguko huo ni wa asili, hauumizi. Si kweli. Watafiti waliopima mzigo unaolielemea bega wameukuta ukikaribia ule wa mrushaji wa besiboli. Ajabu ni kwamba wavulana wanalindwa: katika besiboli ya Little League, shirika la ligi za watoto, hesabu ya mirusho ina kikomo tangu 2007, na mvulana wa miaka 14 hatakiwi kuzidi 95 kwa siku. Kwenye mashindano ya wasichana tuliyoshiriki sikuona anayehesabu. Nimeshuhudia msichana mmoja akirusha mechi mbili Jumamosi na tatu Jumapili, na watu wazima tukimpigia makofi kwa ushupavu. Nami nilikuwa miongoni mwao. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto apumzike siku moja au mbili kwa wiki, na kwa jumla miezi mitatu kwa mwaka aache mchezo wake mkuu. Ratiba ya timu ya kusafiri haina miezi hiyo. Mzazi ndiye wa kuikata kwa mkono wake.

Kisha kuna safari ya kurudi. Msimu uliopita, baada ya kufungwa, baba yake alianza kuchambua mirusho tukiwa bado hatujafika barabara kuu. Alisema kwa upendo, tena alichosema kilikuwa sahihi. Binti akajibu, "Baba, naomba tufike kwanza." Tangu siku hiyo hatuanzishi habari za mechi garini mpaka aanze mwenyewe. Kuna siku haanzi kabisa, na siku nyingine ananieleza mambo ambayo nisingejua kumwuliza.

Kwa hiyo nabaki upande wa kusafiri, ila si kwa masharti ya klabu. Agosti atajaribiwa kwa timu ya walio chini ya miaka 16, na kocha anataka wasichana wasiocheza kitu kingine. Binti yangu anapenda pia mpira wa kikapu. Nimemwandikia kocha kwamba kuanzia Novemba hadi Januari bega litapumzika na kikapu kitachezwa, amchukue au asimchukue. Bado hajajibu.